Mstari Uliofutwa Mara Tatu

Asubuhi moja ya Aprili 2021, katika shule moja ya sekondari mjini Kalemie, mstari mmoja ulifutwa mara tatu ndani ya dakika 10. Ulikuwa mstari mfupi: “Lukuga inatoa maji ya ziwa.” Wanafunzi 9 walikuwa wamebanana mbele ya kompyuta moja, mabega yakisukumana, wakaona herufi zinatoweka moja moja kutoka mwisho kurudi mwanzo, mpaka kikabaki kishale cha zambarau kinapepesa mahali patupu. Msichana aliyeuandika akauandika upya. Ukafutwa. Akaurudia kwa herufi kubwa tupu, na kabla hajaweka nukta ukawa umekwisha ondoka tena, na mahali pake pamekaa maneno mengine: “Lukuga imeziba. Haitoi kitu.”

Mfutaji hakuwa mbali. Alikaa benchi la nyuma kabisa, simu mkononi, uso ameuinamisha. Baba yake alikuwa mvuvi, na nyumba yao ilikuwa karibu na pale mto unapotoka ziwani.

“Prof, huyu ananifutia!” msichana akalalamika.

“Anaandika uongo, Prof,” mvulana akajibu bila kuinua macho. “Mimi nakaa pale pale.”

Mwalimu wa jiografia aliyesimama kati yao alikuwa na njia mbili alizozizoea: kumnyang’anya mmoja simu, au kuandika jibu ubaoni na kufunga mjadala. Alichelewa kuchagua, na kuchelewa huko kulimfaa. Mwalimu huyo ndiye anayeandika kumbukumbu hizi. Ameona afadhali ajisimulie kama mtu wa pembeni, kwa sababu darasa lilikuwa na wanafunzi 58 na mengi yaliyofaa kukumbukwa yalitoka kwao.

Kalemie umeegemea ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Enzi za Wabelgiji uliitwa Albertville. Reli iliufikia mwaka 1915, na tangu hapo mji ukawa mahali ambapo mizigo hushuka kwenye behewa na kupanda meli za Kigoma. Jimbo la Katanga lilipogawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015, Kalemie ukawa makao makuu ya jimbo jipya la Tanganyika, linalojumuisha pia Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Muda mfupi baadaye, mwaka 2016 na 2017, mapigano kati ya jamii za Watwa na Waluba yaliwasukuma watu wengi sana kuja kujisitiri kandokando ya mji. Watoto wao waliingia madarasani. Benchi la watatu likawa la watano.

Katika hali hiyo, mwaka 2017, mwalimu alianzisha kundi la WhatsApp la darasa. Alidhani amepata dawa. Vitabu vya jiografia vilikuwa vichache, basi angepiga picha kurasa na kuzituma. Wanafunzi wangeuliza maswali jioni. Kwa wiki mbili alifurahi. Kisha usiku mmoja alirudi nyuma kusoma kila kilichoandikwa, akakuta salamu, sala za asubuhi, video za kuchekesha, matangazo ya misiba, na chini ya kila picha aliyoituma, msururu wa “Asante Prof.” Hakuna aliyekuwa amemjibu mwenzake. Kundi lile lilikuwa kipaza sauti chake tu, sasa kimeingia mifukoni mwa watu. Nusu ya darasa haikuwa na simu ya kuingilia, na hao ndio waliohitaji zile kurasa kuliko wengine.

Pigo la pili lilikuja na uchaguzi. Kabla ya likizo ya Noeli ya mwaka 2018 aliwagawia wanafunzi kazi ya makundi waikamilishe mtandaoni. Wananchi walipiga kura tarehe 30 Desemba. Siku iliyofuata intaneti ilizimwa nchi nzima, na haikurudi mpaka siku kama 20 baadaye, Januari 2019. Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliingia darasani akiwa tayari kuwasamehe wote. Kundi moja tu likaweka mezani kazi kamili. Lilikuwa la watoto wanne wanaokaa barabara moja, wasio na simu hata moja. Walikuwa wamenunua daftari moja la mistari, na kila jioni daftari lililala nyumba nyingine. Kila mmoja aliandika kwa kalamu yake: mmoja wino wa bluu, mmoja mweusi, mmoja mwekundu, wa nne kwa kalamu ya risasi. Pembeni walikuwa wamewekeana maswali. Kwenye ukurasa mmoja wa wino wa bluu, aliyetumia wino mwekundu aliandika: “Hapa sijaelewa, samaki hawa wanaliwa na nani?” Chini yake jibu, halafu swali jingine.

Mwalimu alikaa na lile daftari kwa muda mrefu. Kila kitu alichokuwa akikitafuta kwenye simu kilikuwa mle: kazi moja, mikono minne, kila mkono ukionekana, na mazungumzo pembeni bila kuharibu kilichoandikwa.

Kumbe vyombo vya mtandaoni vya kuandikia pamoja vilizaliwa na haja hiyo hiyo. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart aliwaonyesha watu waliojaa ukumbini jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park walivyoweza kufanya kazi juu ya maandishi yale yale, kila mmoja akiwa kwenye skrini yake. Mwaka 1995 Ward Cunningham aliweka mtandaoni wiki ya kwanza, ukurasa ambao kila msomaji anaweza kuubadilisha. Wikipedia ilifuata mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili mwaka 2003. Mwaka 2006 Google iliinunua programu changa iliyoitwa Writely, na kutoka humo ikatengeneza Google Docs, ambayo leo inafunguka kwenye simu janja ya kawaida.

Wanafunzi walipouliza inawezekanaje watu wawili waandike mahali pamoja bila maneno kugongana, mwalimu aliwapa mfano wa karani wa bandarini. Ukurasa unatunzwa na karani mmoja. Waandishi hawaugusi wenyewe, wanampelekea maagizo. Mmoja anasema: baada ya herufi ya 40, weka neno “ziwa”. Wakati huo huo mwingine anasema: baada ya herufi ya 10, weka neno “mto” na nafasi yake. Karani mzembe angeyatekeleza kama yalivyo, na “ziwa” lingeangukia katikati ya neno jingine, kwa sababu “mto” umekwisha sukuma kila kitu mbele. Karani mwerevu anapiga hesabu kwanza: zimeongezeka herufi 4, basi 40 sasa ni 44. Hesabu hiyo ilielezwa na watafiti Ellis na Gibbs mwaka 1989. Darasa liliifanya kwa chaki. Wanafunzi wawili walikuwa waandishi, mmoja karani, na sentensi ndefu ubaoni ikahesabiwa herufi kwa herufi. Somo lilikwisha kengele ikiwa imelia zamani.

Karani huyo ana tabia nyingine, na ndiyo iliyomvuta mwalimu kuliko zote: hatupi kitu. Kila agizo analitunza pamoja na saa na jina. Ukifungua historia ya mabadiliko unaona ukurasa ulivyokuwa jana na juzi, nani aliongeza, nani aliondoa. Lile daftari la maandishi ya rangi nne lilikuwa limepata ndugu.

Ilichukua muda kufika huko. Machi 2020 shule zote za Kongo zilifungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudi Agosti, wengine wakasubiri mpaka Oktoba, na tarehe 18 Desemba milango ikafungwa tena hadi 22 Februari 2021. Kwa miezi hiyo, waliokuwa na redio nyumbani walisikiliza masomo ya Okapi École, na waliokuwa na simu walipokea sauti za walimu wao. Zote zilikuwa njia za mtoto kusikia. Nafasi ya kujibu, achilia mbali kumjibu mwenzake, ilikuwa finyu.

Shule ilipofunguliwa, jambo lilikuwa linangoja mlangoni. Ziwa lilikuwa limepanda. Nyumba za ufukoni ziliingiwa na maji, na baadhi ya wanafunzi walikuwa wamehama kwa shangazi na wajomba. Mwalimu alifuta kazi aliyokuwa ameipanga juu ya volkano za Japani. Akaandika ubaoni swali moja: “Maji yamefika wapi, na kwa nini?” Kitabu cha shule hakikuwa na jibu, wala yeye mwenyewe hakuwa nalo. Vipande vya jibu vilikuwa majumbani mwao, na kwa mara ya kwanza kazi ya darasa ilihitaji kweli watu 58.

Kwanza ilibidi kumshawishi prefe, mkuu wa shule. Kanuni za shule zilikataza simu, na zilikuwa na sababu zake. Walikubaliana hivi: simu zitaingia asubuhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ndoo itakaa ofisini, itatoka kwa somo la jiografia tu na kurudi. Darasa zima lilitoa simu 6 zinazoweza kufungua ukurasa, pamoja na kompyuta ya mwalimu. Yakaundwa makundi 6, kila kundi simu moja, na kazi zikagawanywa kwa zamu. Mmoja anaandika kwenye simu, mmoja anasoma kwa sauti kutoka daftarini, mmoja anakagua, waliobaki ndio waliokwenda kuuliza na kupima huko nje. Wiki inayofuata wanabadilishana. Hakuna neno lililoingia kwenye simu kabla ya kuandikwa daftarini. Kama rezo, yaani mtandao, ikikatika, daftari lipo.

Mega nazo, yaani data za intaneti, zilihesabiwa. Mwalimu aliwaonyesha kwamba maandishi ya herufi 2,000 yana uzito wa kama kilobaiti 2, wakati picha moja ya simu inaweza kufika megabaiti 3, yaani mara 1,500 zaidi. Kwa hiyo picha zilikatazwa isipokuwa kwa makubaliano, na watoto wakajifunza kueleza kwa maneno kitu ambacho wangekipiga picha tu. “Maji yamefika dirisha la pili la duka la chumvi” ni sentensi iliyozaliwa na kubana mega. Mpaka leo mwalimu anaamini ilikuwa bora kuliko picha.

Kosa lake kubwa alilifanya wiki ya kwanza.

Asubuhi moja ya Machi alifungua historia ya mabadiliko akakuta mgeni. Jina la mwanamume asiyemjua lilikuwa limeingia ukurasani saa 7 usiku na kugusa mistari 11. Hakusoma sana yaliyobadilishwa. Aliona jina geni, saa ya kutia shaka, na jitihada za watoto zimeguswa. Akaiondoa ile akaunti, akarudisha mistari yote kama ilivyokuwa, na darasani akatoa onyo kali juu ya kuwapa watu wa nje kiungo cha ukurasa. Darasa lilinyamaza. Msichana mmoja wa benchi la tatu, mpole tangu mwanzo wa mwaka, aliinamisha kichwa.

Zilipita wiki mbili. Siku moja baada ya kipindi msichana yule alibaki, akaweka daftari mezani. Mistari 11 ilikuwa mle, imeandikwa kwa mkono wake, na kila sahihisho lilikuwa sahihi: majina mawili ya vijito yaliyokuwa yamebadilishana, tarehe iliyokosewa, sentensi zisizo na kitenzi.

“Ni simu ya yaya, Prof,” alisema, akimaanisha kaka yake mkubwa. “Mchana anafanya nayo kazi ya pikipiki. Ananipa usiku, kuna mega za usiku.”

Mashine ilikuwa imesema kweli kwa kadiri ya ujuzi wake. Iliandika jina la mwenye simu. Haikuweza kujua kwamba Kalemie, kama kwingineko, simu ya nyumbani mara nyingi ina jina la baba au kaka, na msichana anaandika kwa jina la kukopa, usiku, vyombo vikiisha kuoshwa. Mwalimu aliisoma ile historia ya mabadiliko kama hakimu anayesoma ushahidi. Alisahau kwamba nyuma ya jina kuna chumba, taa, na mtu aliyekesha.

Siku iliyofuata aliomba radhi mbele ya darasa zima, kwa sababu onyo alilitoa mbele ya darasa zima. Kisha akaomba wapendekeze njia. Walikubaliana kwamba kila mstari utaishia na herufi mbili za mwandishi wake, hata simu iwe ya nani. Herufi hizo zikawa muhimu kuliko jina la akaunti. Ghafla wakaonekana watu ambao hawakuwahi kuonekana: mvulana aliyetoka upande wa Nyunzu na familia yake wakati wa mapigano, asiye na simu wala ndugu mwenye simu, alikuwa nyuma ya karibu nusu ya vipimo vyote vya kundi lake. Yeye ndiye aliyekuwa akitembea. Kijiti chake chenye alama za sentimita, alichokichimbia karibu na bandari, kilikuwa kikisomwa kila Jumamosi.

Hali yao haikuwa ya Kalemie pekee. Mwaka 2013 taasisi ya Vodafone Foundation na UNHCR walianzisha mpango wa shule za kidijitali katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, uliokuja kuenea hadi Tanzania na Kongo. Mpango huo ulipeleka vishikwambi pamoja na umeme wa jua, intaneti, na mafunzo kwa walimu. Waandaaji wake waliona kwamba kifaa peke yake hakitoshi. Mwalimu aliposoma habari hizo alitamani vile vishikwambi, hilo hawezi kulificha. Umeme wa Kalemie hutoka kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, na siku ukikosekana simu za darasa huenda kwa wachaji simu wenye paneli za jua na kulala huko. Hata hivyo alijua pia kwamba hata vishikwambi 58 visingemwambia nani aliandika ile mistari 11.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yamepita kabla ya asubuhi ile ya Aprili, mstari wa Lukuga ulipofutwa mara tatu.

Mwalimu alipochelewa kuchagua upande, alifanya jambo dogo. Alimwomba kila mmoja aseme aliona wapi na lini. Msichana alikuwa amepita juu ya daraja la Lukuga na shangazi yake mwezi wa pili. Waliinama kutazama chini, maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi na kubeba magogo. Mvulana alisema Jumamosi iliyopita mtumbwi wa baba yake ulikwama mdomoni mwa mto, kwenye mchanga, na matete yalikuwa yamefunga njia mpaka wakashuka kuusukuma. Darasa likaanza kugawanyika, kila upande na shahidi wake.

Hapo mwalimu akawasimulia juu ya watu watatu waliogombana juu ya maji hayo hayo. Lukuga ndio mto pekee unaotoka Ziwa Tanganyika. Unakwenda magharibi kukutana na Lualaba, na kwa njia hiyo maji ya Kalemie hufika Atlantiki. Leo jambo hilo linajulikana, lakini karne ya 19 lilikuwa kitendawili. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapa na kusema ameona ziwa likitoka kupitia Lukuga, ingawa mimea ilikuwa imeziba njia. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa, akapaangalia mahali pale pale, akakataa: mto hautoki, alisema, labda siku za mbele. Mwaka 1879 Edward Hore, wa London Missionary Society, alifika na kukuta mkondo wenye nguvu unaondoka ziwani.

Hakuna aliyedanganya. Ziwa lilikuwa likipanda miaka yote hiyo, na mwishoni mwa muongo ule, karibu mwaka 1878, lilivunja kizuizi cha udongo na mimea mdomoni mwa mto, likaanza kushuka. Kila mmoja aliandika alichokiona, na mto wenyewe ulikuwa unabadilika kati ya ziara na ziara.

Palikuwa kimya. Kisha mvulana wa benchi la nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu anayefikiri: “Kwa hiyo Stanley alimfuta Cameron?”

“Na huyo wa tatu akamrudisha,” msichana akamalizia.

Mwalimu hakuwa na la kuongeza. Wao wenyewe walikaa kwenye ile kompyuta, wakaandika mistari miwili mahali palipokuwa na vita ya mstari mmoja: “Mdomoni mwa Lukuga, Aprili 2021, mchanga na matete vimepunguza njia ya maji.” “Kwenye daraja, Februari 2021, maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi.” Kila mstari na herufi zake mbili. Kuanzia siku hiyo darasa lilikuwa na kanuni mbili zilizoandikwa juu kabisa ya ukurasa: hakuna mstari usio na tarehe na mahali, na mtu haondoi mstari wa mwenzake, anaweka swali pembeni. Mwishoni mwa Juni maswali ya pembeni yalikuwa mengi kuliko mistari yenyewe.

Ugomvi mwingine uliwajia kutoka kwa wazee. Msichana wa simu ya yaya alikwenda kumhoji mzee mmoja wa ufukoni aliyekumbuka mafuriko ya ujana wake. Ziwa lilipanda sana baada ya mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 kote Afrika Mashariki, likafika kilele mwaka 1964. Mzee alisema, naye msichana akaandika kama alivyosikia: “Mayi ilikuya mpaka ku mulango.” Simu, yenye kibodi ya Kifaransa, ikageuza “mayi” kuwa “mai”, mwezi wa tano. Mwenzake akaligeuza kuwa “maji”. Wa tatu akaitengeneza sentensi nzima kwa Kiswahili cha vitabuni: “Maji yalifika mlangoni.” Sentensi ilikuwa safi, ila mzee alikuwa ametoweka ndani yake.

Suala hilo liliwachukua kipindi kizima, na mwalimu anakihesabu kati ya vipindi bora vya maisha yake. Watoto hawa husoma kwa Kifaransa, huomba na kununua kwa Kiswahili cha Kalemie, na husikia Kiswahili sanifu redioni na kwa wafanyabiashara wa Kigoma. Walibishana ni kipi kinastahili kuandikwa. Mwishowe walikubaliana kwamba maelezo yao wenyewe wataandika kwa sanifu ili hata mtu wa ng’ambo ya ziwa asome bila shida, lakini maneno ya mzee yatakaa ndani ya alama za kunukuu jinsi yalivyotoka kinywani mwake, na hakuna ruhusa ya kuyasahihisha.

Mwishoni mwa mwaka ukurasa ulikuwa na ramani yake pia. Walianzia kwenye karatasi za manila zilizounganishwa kwa gundi, wakachora barabara, visima na ukingo mpya wa maji. Kisha mwalimu akawafungulia OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo watu wa kujitolea waliitumia kuichora Port-au-Prince baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010. Wanafunzi walitafuta mtaa wao. Barabara kubwa zilikuwepo, vichochoro vyao vingi havikuwa na majina. Waliyaongeza, majina 14, baada ya kuyahakiki kwa wenye nyumba. Kambi za waliokimbia vita hawakuzigusa. Yule mvulana wa Nyunzu ndiye aliyeomba hivyo, na hakuna aliyemtaka aeleze zaidi.

Si kila kundi lilifika huko. Mawili yaliacha kazi ikiwa nusu kwa sababu simu zao ziliharibika, na mwalimu alichelewa kuyapa njia nyingine. Baadhi ya wazazi hawakufurahia kuona kazi ya mtoto wao haina jina moja wala maksi moja, na malalamiko yao hayakuwa ya bure: mtihani wa taifa wa mwisho, Exétat, unamkabili mtoto akiwa peke yake. Ikabidi mwalimu atoe maksi mbili, ya ukurasa na ya mtu, na hiyo ya mtu aliitafuta katika herufi mbili za mwisho wa mistari na katika maswali ya pembeni. Kusahihisha kulimchukua usiku mwingi kuliko zamani. Simu ya mwalimu mwenyewe ikajifunza mega za usiku.

Ziwa lilipanda tena mwaka 2024, na darasa jipya likarithi ukurasa. Watoto hawa hawakuwajua wale wa 2021. Waliwajua kwa herufi mbili mbili tu, wakawapa watu wasiowajua heshima ya kuwauliza maswali pembeni, ingawa hapakuwa na dalili kwamba kuna atakayejibu.

Jioni moja ya Mei mstari mpya ulitokea ukurasani kutoka akaunti ya zamani ambayo mwalimu, safari hii, hakuiondoa. “Mdomoni mwa Lukuga, leo saa 12 jioni. Maji yamepita mahali mtumbwi wa baba ulipokwama.” Chini yake zilikuwa herufi mbili za mvulana wa benchi la nyuma, ambaye sasa alikuwa anavua mikebuka kwa mtumbwi wake mwenyewe. Usiku huo mwanafunzi wa miaka 15 akaweka swali pembeni: “Ulisimama upande gani wa mto?”

Asubuhi, kabla ndoo ya simu haijafika darasani, jibu lilikuwapo: “Upande wa kusini, kwenye mwembe ulioanguka. Jumamosi nitakuwa pale tena, mje na kijiti.”